Ukungu, Masizi, Ozoni na Kaboni: Hewa ya Nairobi Huchafuka kwa Njia Ngapi?

Msimu wa baridi unapoingia Nairobi, kati ya Juni na Agosti, picha za skrini za programu za simu zinazoonyesha ubora wa hewa huanza kusambazwa katika makundi ya WhatsApp: duara la rangi ya machungwa, nambari kubwa katikati, na swali la mtu anayetaka kujua kama tufunge madirisha. Majibu hayakawii. Mmoja husema huo ni ukungu wa kawaida wa Julai, wa pili hulaumu tundu la ozoni, wa tatu hukumbusha kwamba Kenya haitoi kaboni ya kuchafua chochote na kwamba wa kulaumiwa ni mataifa tajiri, na wa nne hupendekeza bilauri ya maziwa. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, isipokuwa yule wa maziwa, lakini vipande hivyo ni vya mambo manne tofauti yaliyotiwa kapu moja. Matokeo yake ni kwamba tunatafutia tatizo la barabarani suluhisho la anga za juu, na tatizo la dunia nzima tunalitafutia miche ya kupanda kando ya barabara.

Uchafuzi wa hewa ni hali ya hewa kubeba gesi au chembechembe kwa kiasi kinachoweza kudhuru watu, wanyama, mimea, udongo, maji au hata majengo. Hewa tunayovuta ni nitrojeni kwa asilimia 78 na oksijeni kwa asilimia 21, na vichafuzi tunavyovizungumzia hujificha katika hiyo sehemu ndogo iliyobaki. Baadhi yake ni chembechembe, yaani vumbi, masizi na matone madogo sana yanayoelea. Nyingine ni gesi zenye sumu, kama oksidi za nitrojeni na dioksidi ya salfa, zitokazo kwenye injini, viwanda na moto. Ipo ozoni, ambayo haimwagwi na mtu yeyote moja kwa moja. Na zipo gesi zinazoongeza joto duniani, zikiongozwa na hewa ukaa, yaani dioksidi ya kaboni, na metani. Ukungu haumo katika orodha hii, kwa sababu ni matone ya maji tu, ingawa tutaona jinsi unavyohusika. Ili kuvitenganisha vichafuzi hivi, yatosha kuuliza kila kimoja maswali mawili: hukaa hewani kwa muda gani, na hufika wapi kabla ya kutua?

Tuanze na chembechembe, kwa kuwa ndizo hasa zinazohesabiwa na simu. Wanasayansi huzigawa kwa ukubwa. Zile ziitwazo PM10 zina upana usiozidi mikromita 10, na humo mna sehemu kubwa ya vumbi la barabara, la machimbo ya mawe na la saruji. Zile za PM2.5 hazizidi mikromita 2.5, kiasi kwamba zaidi ya ishirini zinaweza kupangwa kukatiza unene wa unywele mmoja. Hizi ndogo ni masizi ya dizeli, moshi wa mkaa, kuni na taka, pamoja na chembe zinazojiunda hewani gesi zinapokutana. Vumbi kubwa huanguka baada ya dakika au saa chache. Chembe laini huweza kuelea kwa siku kadhaa, hata wiki nzima, hadi mvua izishushe, na kwa muda huo upepo huzisafirisha mbali na pale zilipozaliwa.

Kipimo chake ni mikrogramu kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango linachopendekeza cha PM2.5 hadi wastani wa mikrogramu 5 kwa mwaka na 15 kwa saa 24. Hapa ndipo mkanganyiko wa zile picha za skrini unapoanzia, kwa maana nambari kubwa iliyo katikati ya duara aghalabu si mikrogramu. Ni faharasa ya ubora wa hewa, na nyingi kati ya programu hizo hutumia faharasa ya Marekani. Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe amepata 60 katika mtihani, huuliza kwanza 60 kati ya ngapi na gredi ni ipi, lakini kwenye hewa tunaisoma 60 kama ilivyo na kupiga mayowe au kupuuza. Mikrogramu ndizo alama na faharasa ndiyo gredi. Kwa mfumo wa Marekani uliorekebishwa mwaka 2024, faharasa ya 50 ni sawa na mikrogramu 9, ile ya 100 ni takriban mikrogramu 35, na ile ya 150 ni takriban 55. Kwa hiyo anayeona 100 na kudhani kwamba hewa imezidi kiwango cha kila siku mara sita au saba amekosea: imekizidi zaidi ya mara mbili. Vilevile anayeona 50 yenye rangi ya kijani na kudhani yu salama kabisa asisahau kwamba hewa ya namna hiyo, ikidumu mwaka mzima, iko juu ya kile kiwango cha 5.

Jambo la pili kuhusu nambari hizo ni kwamba vihisio vingi vya bei nafuu vilivyotundikwa mijini hupima kwa kumulika hewa na kuhesabu mwanga unaotawanywa na chembe. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, chembe hufyonza maji na kuvimba, nacho kihisio huziona kubwa kuliko zilivyo. Asubuhi yenye ukungu mzito, basi, sehemu ya nambari inaweza kuwa maji. Huo ndio ukweli wa yule anayesema ni ukungu wa Julai. Hata hivyo, sehemu tu.

Vipimo vilivyofanywa kwa vifaa vya maabara vinatupa msingi imara zaidi. Watafiti waliochunguza hewa ya Nairobi kati ya 2008 na 2010 walipata wastani wa PM2.5 wa takriban mikrogramu 21 katika eneo la jiji na 13 katika kitongoji chenye utulivu zaidi, na waligundua kwamba magari na vumbi la ardhini kwa pamoja vilichangia takriban asilimia 74. Hesabu hiyo haikufanywa barabarani penyewe. Utafiti mwingine, wa Julai 2009, ulishuka hadi pale watu wanapopita. Kando ya njia panda moja kubwa ya Nairobi, kiasi cha chembe kilikuwa karibu mikrogramu 129, lakini mita 100 kutoka hapo, upande ambao upepo ulikuwa ukielekea, kilikuwa kimeshuka hadi karibu 19. Katikati ya jiji, hewa ya usawa wa barabara ilikuwa na karibu 120, ilhali juu ya paa la orofa ya tatu ilikuwa na karibu 43.

Takwimu hizo ni za zamani kidogo, ila kanuni inayotokana nazo haijazeeka: kusogea mita mia moja kutoka barabarani hubadilisha hewa kuliko kuhama mtaa. Maswali ya aina ya “je, hewa ya Nairobi ni mbaya?” hayana jibu moja. Kuna hewa ya makanga anayening'inia mlangoni pale Jogoo Road saa moja asubuhi, na kuna hewa ya ofisi ya orofa ya kumi iliyo ng'ambo tu ya barabara hiyo. Kihisio kilichowekwa juu ya paa hakidanganyi, ila hakimsemei mchuuzi wa mahindi choma aliyekaa chini yake, ambaye anapokea moshi wa matatu kwa mbele na wa jiko lake mwenyewe kwa chini.

Kwa nini basi miezi ya baridi iwe mibaya zaidi, ilhali magari ni yale yale? Kwa kawaida hewa iliyo karibu na ardhi huwa na joto kuliko iliyo juu yake. Hewa yenye joto ni nyepesi, hivyo hupanda na kuubeba moshi. Usiku wa baridi ardhi hupoa haraka, hewa inayoigusa hupoa nayo, na tabaka lenye joto zaidi hujikuta liko juu ya lenye baridi. Hewa ya chini ni nzito, haina sababu ya kupanda, kwa hiyo moshi wa mkaa wa jioni na wa magari ya alfajiri hujikusanya humo hadi jua litakapoipasha ardhi joto. Mwezi wa Julai, mawingu mazito yanapoliziba jua hata mchana, kuchanganyika kwa hewa ya chini na ya juu huchelewa. Januari na Februari tatizo hugeuka na kuwa vumbi. Machi hadi Mei, mvua za masika huisafisha hewa bila kumwomba mtu ruhusa.

Mvua hiyo ndiyo inayoeleza ule ubishi wa mwaka 2020, wakati wa masharti ya kudhibiti korona, picha za Mlima Kenya ukionekana nyuma ya majengo ya Nairobi ziliposambaa na watu wakagawanyika. Baadhi walisema ni hila za kompyuta, wengine kwamba ni muujiza wa magari kuegeshwa. Mlima huo una urefu wa mita 5,199 na uko takriban kilomita 140 kutoka jijini, na wakazi wa Nairobi wanaoamka mapema wameuona asubuhi nyingi kabla na baada ya korona, hasa baada ya usiku wa mvua. Magari machache husaidia, lakini hewa inayoonekana wazi si lazima iwe safi. Gesi nyingi zenye sumu hazina rangi, na chembe laini huficha milima ya mbali kabla hazijaficha jengo la jirani.

Sasa tufuate vichafuzi hadi vinapotua, tukianza na vinavyotua karibu. Vumbi zito na masizi huangukia mimea iliyo kando ya barabara. Jani hupumua kupitia vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na huhitaji mwanga ili kujitengenezea chakula. Likifunikwa na tabaka la vumbi, mwanga hupungua, vitundu huzibika na joto la jani hupanda. Sukuma wiki iliyopandwa kwenye ukingo wa barabara yenye malori huonyesha hayo kwa jicho: pitisha kidole gumba juu ya jani na njia ya kijani itabaki nyuma yake. Vumbi hilo huoshwa kwa maji. Tatizo ni kile kisichooshwa, yaani metali kama risasi, ambayo haiozi wala haigeuki kuwa kitu kingine. Kwa miongo mingi risasi iliongezwa kwenye petroli ili injini isigonge. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar mwaka 2001 kuiondoa, Kenya na jirani zake wakaacha kuiuza kufikia mwisho wa 2005, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, ikafuata mwaka 2021. Huo ni ushindi mkubwa, na ni miongoni mwa machache tunayoyafurahia bila hata kukumbuka kwamba yalipiganiwa. Hata hivyo, risasi iliyokwisha kuanguka kwenye udongo wa kandokando ya barabara kuu za zamani haikuondoka kwa sababu pampu zimebadilishwa.

Jaa la Dandora linafunza somo hilo kwa ukali zaidi. Lilifunguliwa katikati ya miaka ya 1970 kando ya Mto Nairobi, na ndani yake moto huwaka karibu wakati wote, mwingine ukichochewa na watu wanaotafuta shaba kwenye nyaya, mwingine ukiwaka wenyewe kwa gesi ya taka zinazooza. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lenye makao makuu Gigiri katika jiji hili hili, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 waishio karibu na jaa hilo: takriban nusu walikuwa na risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika kimataifa wakati huo. Miaka miwili kabla, mashirika ya kiraia yalikuwa yamepima mayai ya kuku wa kienyeji wanaochakura karibu na Dandora na kukuta dioksini ikizidi mara kadhaa kikomo cha Umoja wa Ulaya. Dioksini ni sumu zinazoundwa plastiki za aina fulani zinapochomwa kwa moto usio mkali. Hupanda na moshi, hutua kwenye nyasi na udongo, kuku hudonoa, sumu hukaa kwenye mafuta ya mwili wake, kisha huingia kwenye yai. Kwa hiyo anayechoma takataka nyuma ya ploti yake jioni, kwa nia njema ya usafi, hajaziondoa: amezihamishia hewani kwa usiku mmoja, na udongoni kwa miaka.

Twende sasa kwa ozoni, ambayo imewachanganya watu kuliko kitu kingine chochote. Ozoni ni ile ile kikemia, lakini mahali ilipo ndipo panapoamua kama ni rafiki. Tabaka la ozoni liko juu sana, takriban kilomita 15 hadi 35 kutoka ardhini, na kazi yake ni kuchuja miale mikali ya jua. Lile tundu linalotajwa hutokea kila mwaka juu ya Antaktika na lilisababishwa hasa na gesi za friji na za mikebe ya kupulizia. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulizipiga marufuku hatua kwa hatua, tabaka linaendelea kupona, na sekretarieti inayosimamia mkataba huo, kwa taarifa ya wanaodhani haya ni mambo ya ng'ambo, iko Gigiri. Moshi wa matatu hautoboi tabaka hilo.

Ozoni inayotuhusu hapa chini huzaliwa pale oksidi za nitrojeni kutoka kwenye injini zinapokutana na mvuke wa petroli, rangi na vimiminika vingine, kisha jua likazipika. Hufikia kilele mchana, siku zenye jua, na mara nyingi huwa nyingi zaidi nje ya jiji kuliko kwenye msongamano wenyewe, kwa sababu moshi mbichi wa magari huila ozoni iliyo karibu nao. Upepo wa Nairobi kwa sehemu kubwa ya mwaka huvuma kutoka upande wa mashariki. Hivyo kinachotoka Eneo la Viwanda na barabara za Eastlands huelekea magharibi, kikipita Upper Hill na Kibra kuelekea Karen, Ngong na Kikuyu, kikibadilika njiani. Ukuta wa jiwe na lango la umeme havina la kufanya hapo.

Ozoni huingia kwenye jani kupitia vile vitundu vyake na kuunguza seli kutoka ndani. Maharagwe ni miongoni mwa mazao yanayoathirika upesi: majani huota madoa ya kahawia, huzeeka kabla ya wakati, na mavuno hupungua, huku ikiwa rahisi kudhania kwamba ni ugonjwa au ukosefu wa mbolea. Nyuki nao wamo. Maua huwaita kwa harufu, na harufu ni kemikali zinazovunjwa na ozoni na moshi wa dizeli. Jaribio lililofanywa shambani na watafiti wa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2022 lilionyesha kwamba, mahali ambapo vichafuzi hivyo viliongezwa, idadi ya wadudu wachavushaji ilipungua kwa hadi asilimia 70, na kutembelewa kwa maua kwa hadi asilimia 90. Jaribio hilo halikufanywa hapa, lakini kemia ya harufu haiulizi pasipoti.

Vichafuzi vya safari ndefu huathiri hata sehemu tunazodhani ziko mbali na moshi. Moto wa mashamba, moshi wa majiko na vumbi hubeba fosforasi na nitrojeni, na sehemu kubwa ya fosforasi inayoingia katika Ziwa Victoria hushuka kutoka angani, kwa mvua na kwa vumbi kavu, badala ya kuja na mito. Rutuba hiyo isiyoombwa hulisha mwani na magugumaji. Masizi, kwa upande wake, ni meusi, na kitu cheusi hufyonza joto la jua, kwa hiyo yanapoelea huipasha hewa joto na yanapotua juu ya barafu huharakisha kuyeyuka kwake. Barafu ya Mlima Kenya inaangamia hasa kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi, na si haki kuyatundikia lawama hiyo magari ya Nairobi. Lakini masizi hayaisaidii.

Hapo ndipo tunafika kwa yule wa tatu, aliyesema Kenya haitoi kaboni. Ana haki kwa nusu. Mchango wa Kenya katika gesi zinazoongeza joto duniani ni chini ya asilimia 0.1, kwa mujibu wa takwimu ambazo serikali huzitaja kila mara. Umeme wetu pia, takriban asilimia 90, hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua. Lakini hewa ukaa siyo inayomkohoza mkazi wa mtaa wa Mukuru. Kwa kiasi kilichomo hewani haina sumu, mimea huila, na madhara yake ni ya joto: hukaa angani kwa karne nyingi na kuenea duniani kote, ikitoka Nairobi au Beijing ni mamoja. Masizi ni kinyume chake kwa kila hali. Hukaa siku chache, hudhuru karibu, na hayawezi kusingiziwa Ulaya, kwa kuwa yaliyopo kwenye Landhies Road asubuhi hii yametoka hasa Landhies Road. Ndiyo maana biashara ya hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kupunguza au kuhifadhi hewa ukaa, inayozungumzwa sana tangu mkutano wa tabianchi wa Afrika uliofanyika Nairobi Septemba 2023, haiwezi kusafisha hewa ya jiji hata ikiendeshwa kwa uaminifu kamili: inauza kitu kingine.

Kuna kaboni nyingine ambayo haifai kuchanganywa na hizo. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, huzalishwa mkaa unapowaka bila hewa ya kutosha, na huua. Anayeliingiza jiko chumbani usiku wa Julai na kufunga dirisha hana tatizo la tabianchi. Ana saa chache tu za kuligundua kosa lake.

Metani ndiyo inayounganisha pande zote mbili. Hutoka kwenye vyakula vinavyooza bila hewa ndani ya jaa, hudumu angani kama miaka 12, na ndani ya miaka 20 nguvu yake ya kuongeza joto ni zaidi ya mara 80 ya hewa ukaa ya uzito uleule. Pia husaidia kuunda ozoni, na ndiyo inayolisha baadhi ya ile mioto ya Dandora. Kutenganisha maganda ya ndizi na majani ya kabichi yasifike kwenye jaa ni kazi inayodharauliwa, ila inagusa joto la dunia, mavuno ya maharagwe na moshi wa Korogocho, mtaa ulio jirani na jaa hilo, kwa mkupuo.

Mvua ya asidi huulizwa pia. Mvua yote ina uasidi kidogo kwa asili. Dioksidi ya salfa, pamoja na oksidi za nitrojeni, ndiyo hasa inayoifanya kuwa kali, ikakwangua mabati na chokaa na kuupora udongo madini yake. Tangu Januari 2015, Kenya na wenzake wa Afrika Mashariki wameweka kikomo cha salfa kwenye dizeli kuwa sehemu 50 kwa milioni, na hilo limelipunguza jambo hilo katika chanzo chake cha barabarani. Dizeli yenye salfa kidogo ina faida nyingine: bila hiyo, vifaa vya kuchuja moshi kwenye injini za kisasa huharibika mapema.

Miti, ambayo kila kampeni huikimbilia, inastahili kusemwa kwa haki. Hutoa kivuli, huzuia mmomonyoko, huhifadhi kaboni, na majani yake hunasa chembechembe kiasi. Kiasi hicho, kwa jiji zima, ni asilimia chache tu. Katika barabara nyembamba yenye majengo marefu pande zote, matawi mazito yanaweza hata kuuzuia moshi usipande. Mikaratusi nayo hutoa mvuke unaochangia kuunda ozoni pale penye moshi wa magari. Tupande, kwa sababu nyingi nzuri, ila tusipande mwerezi ili kusamehe lori. Na maziwa, kwa kuwa aliyeyapendekeza anasubiri jibu, huenda tumboni, ilhali chembe ziko mapafuni.

Linalobaki ni kuzuia pale moshi unapotoka, na hapo kuna mambo yasiyohitaji teknolojia ngeni. Fundi yeyote wa magari wa Grogan atakwambia maana ya rangi za moshi: mweusi ni mafuta yasiyoungua, wa bluu ni oili inayoungua, na mweupe usiokoma ni maji yanayoingia kwenye injini. Nairobi ikiwa takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini za zamani zisizoweza kujirekebisha hupata oksijeni pungufu na kutoa masizi zaidi. Magari mengi ya mtumba huja na kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi, chenye madini ya platinamu, paladi na rodi, na si siri kwamba wapo wanaokikata na kukiuza, kisha gari likaendelea kutembea kana kwamba hakuna kilichopungua. Sheria ya mazingira ya 1999 na kanuni zake za ubora wa hewa zimeweka msingi wa kudhibiti hayo, na Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Ukaguzi wa moshi unaofanywa kwa kipimo badala ya jicho la askari ndio ungezitia nguvu.

Pikipiki na mabasi ya umeme yanayoongezeka jijini yataondoa moshi wa ekzosi, na kwa umeme wetu, ambao kwa sehemu kubwa ni wa mvuke na maji, hayatauhamishia sana mahali pengine. Hayataondoa vumbi la breki na matairi, wala lile la ardhini ambalo, kama tulivyoona, ni sehemu kubwa ya chembe za jiji. Kwa hilo dawa ni vijia vya miguu vilivyowekwa lami au matofali, kingo za barabara zilizooteshwa nyasi badala ya kuachwa udongo mtupu, na malori ya mchanga na kokoto yanayotoka Njiru na Mlolongo yakiwa yamefunikwa turubai.